Gololi, Pinboli na Watoto Wenye Usonji: Historia ya Uraibu Mmoja na Nafasi Yake katika Nyanda za Buha

Munanila ni kata iliyo katika nyanda za juu za Buha, karibu na mpaka wa Burundi. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilihesabiwa katika Wilaya ya Kasulu, na tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe. Ni nchi ya vilima, migomba, mahindi, maharage na kahawa, na watoto wake hucheza michezo ile ile ichezwayo na watoto wa Tanzania nzima: husukuma ringi za baiskeli kwa fimbo njiani, na hucheza gololi katika vishimo walivyovichimba wenyewe uani. Mashine ya pinboli, yaani ile meza yenye kifuniko cha kioo, taa na kengele, ambayo ndani yake tufe la chuma huteremka na kupigwa lirudi juu, si kitu cha nchi hiyo. Walakini katika maandishi ya siku hizi juu ya watoto wenye usonji, mashine hiyo hutajwa mara kwa mara kuwa ni mchezo unaowafaa na kuwapendeza sana watoto hao. Mzazi au mwalimu wa Munanila asomaye habari hizo yamkini ataona ya kuwa hazimhusu, kwa kuwa mashine haipo na fedha za kuinunua hazipo. Historia ya mchezo wenyewe, ikitazamwa pamoja na historia ya usonji, yaonyesha kwamba zamhusu.

Yafaa kwanza kueleza maneno matatu. La kwanza ni pinboli, ambalo latumika hapa kwa sababu Kiswahili hakina jina lililozoeleka la mashine hiyo. Hata hivyo lugha haikukosa kabisa pa kuanzia. Neno gololi, ambalo yamkini lina asili ya Kihindi, lina maana mbili kwa Watanzania: ni kile kitufe cha kioo wachezeacho watoto, na pia ni kile kitufe cha chuma kilichomo katika beringi ya baiskeli au ya gari. Tufe la pinboli ni gololi ya chuma, kubwa kidogo, lenye upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Mtu akiuita mchezo huu gololi ya misumari, kwa sababu itakayoonekana hapa chini, hatakuwa amekosea.

La pili ni usonji. Neno la kitaalamu la Kizungu lilitungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, na likaenea kwa kitabu chake cha mwaka 1911. Lilitokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nafsi, naye alikusudia hali ya mgonjwa aliyejitenga na watu na kuishi ndani ya nafsi yake. Kabla ya neno usonji kuenea, Waswahili waliwaita watoto wa namna hii kwa majina ya mambo mengine. Asiyesema aliitwa bubu ingawa masikio yake ni mazima, na asiyeitika aliitwa taahira au zezeta, hata kama aliweza kukumbuka kila namba ya gari lililopita barabarani. Jina lisilo sahihi si jambo dogo, maana aliyekwisha kuitwa zezeta hatafutiwi mchezo wala kazi.

La tatu ni uraibu. Kwa watu wa pwani wa zamani uraibu ulikuwa hasa tambuu, tumbaku na vitu vya namna hiyo ambavyo mtu huvizoea akavipenda. Leo neno hilo limegawanyika njia mbili: waandishi wengine hulitumia kwa shughuli ya kujifurahisha aipendayo mtu wakati wa mapumziko, na wengine hulitumia kwa utumwa wa dawa za kulevya. Ni ajabu kwamba neno moja limebeba sifa na lawama pamoja, lakini ajabu hiyo ndiyo iliyoyapata pinboli na usonji vile vile. Kuzama kwa mtu katika jambo moja kulihesabiwa kwanza kuwa maradhi au uovu, na baadaye ndipo watu walipotambua kwamba kuna namna ya kukutumia.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao hali yao haikufanana na ugonjwa wowote uliojulikana. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto wengine waliofanana nao kwa mengi. Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Baba yake alimwandikia daktari barua ya kurasa 33 kueleza tabia za mwanawe. Miongoni mwa tabia hizo ilikuwamo hii: mtoto alipenda mno kuzungusha vitu vya mviringo, akavizungusha sufuria na vibao sakafuni na kurukaruka kwa furaha vikizunguka, na akaghadhabika akikatizwa. Mtoto wa Buha asimamaye peke yake kando ya njia akiizungusha ringi pale pale, bila kuisukuma kwenda popote na bila kuwatazama wenzake wapitao, hafanyi jambo lisilojulikana katika vitabu.

Kanner aliyaona mazoea hayo kuwa ni dalili, na kwa daktari ilikuwa haki kuyaona hivyo. Lakini fundisho kubwa kuliko yote katika habari za Donald halikutoka hospitalini. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka kukaa na mume na mke wakulima, waliokuwa na shamba si mbali na nyumbani kwao. Kanner alipokwenda kumtazama huko mwaka 1945 alistaajabia hekima ya wenyeji wake. Mtoto alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Wakamchimbisha kisima na kumtaka aeleze kina chake. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi, naye akaweka alama juu ya kila kaburi. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakamfundisha kulima kwa farasi na jembe la kukokotwa, akaihesabu mistari huku akiilima. Daktari alimwona akilima mistari mirefu sita na kumgeuza farasi vizuri mwishoni mwa kila mstari. Donald alikua, akahitimu chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akajifunza kucheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na akafa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89 katika mji ule ule ambao watu wake walikuwa wamekwisha kumzoea.

Katika habari hiyo hakuna mashine, wala dawa, wala mtaalamu. Wapo watu wazima wawili waliotazama kile mtoto anachokipenda, wasikikataze, bali wakakitafutia mwisho wenye faida. Kwa mtu wa Kasulu au Kibondo, ambaye mistari ya mahindi i mlangoni pake, mfano huu u karibu zaidi kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye katika miji mikubwa.

Sasa yafaa kuitazama pinboli yenyewe. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Wafaransa ulioitwa bagateli, kwa jina la jumba la Bagatelle karibu na Paris, lililojengwa mwaka 1777 na ndugu wa mfalme. Katika mchezo huo mipira ilisukumwa kwa fimbo juu ya meza yenye mashimo. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyekuwa akiishi Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya kuurekebisha: fimbo ikaondolewa na mahali pake ikawekwa springi ya kurushia, mpira ukapunguzwa ukawa gololi, meza ikainamishwa, na njiani zikapigiliwa pini. Tangu hapo kiini cha mchezo hakikubadilika. Gololi hupanda kwa nguvu ya mkono wa mchezaji, kisha hurudi chini kwa uzito wake yenyewe, ikigonga hapa na pale, mpaka ianguke shimoni. Na mchezaji huianzisha tena.

Mchezo huu ulikuwa biashara kubwa mwaka 1931, wakati wa dhiki ya uchumi, David Gottlieb wa Chicago alipotengeneza meza iitwayo Baffle Ball na kuiuza kwa dola 17 na nusu. Meza zaidi ya 50,000 ziliuzwa, maana mtu asiye na kazi aliweza kujifurahisha kwa senti moja. Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba meza hizo hazikuwa na umeme hata kidogo. Umeme uliingia katika mchezo mnamo mwaka 1933. Vile vibao vya kupigia mpira, vinavyoendeshwa kwa vidole, havikuwako hadi mwaka 1947, vilipotiwa katika mashine iitwayo Humpty Dumpty. Kabla yake mchezaji alirusha gololi na kutazama tu bahati yake, na kwa sababu hiyo serikali za miji ziliuhesabu mchezo kuwa kamari. Mwaka 1942 Meya La Guardia wa New York aliupiga marufuku, na mashine zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1976, kijana Roger Sharpe alipocheza mbele ya wajumbe wa baraza la jiji, akataja kabla ya kurusha mahali mpira utakapopita, na mpira ukapita pale pale. Wajumbe wakakiri kwamba ni ustadi.

Katika muda huo huo wataalamu wengine walikuwa wamewatwika akina mama lawama ya usonji. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alishikilia kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa kukosa upendo wa wazazi. Na ingawa Bernard Rimland alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1964 kwamba chanzo kimo katika ubongo, lawama hiyo iliwaumiza wazazi kwa miaka mingi. Mwaka 1969 kundi la waimbaji wa Kiingereza, The Who, lilitoa hadithi ya nyimbo juu ya mvulana Tommy, asiyeona, asiyesikia wala kusema, ambaye hali yake ilitokana na jambo baya aliloliona nyumbani kwao, na ambaye alikuwa bingwa wa pinboli asiye na mshindani. Neno usonji halimo katika hadithi hiyo, na haifai kumfanya Tommy kuwa mgonjwa wa daktari. Lakini hadithi hiyo ilitia katika fikira za watu picha ya mtoto aliyefungwa midomo ambaye mkono wake wajua mambo yasiyojulikana na wenye kusema. Picha hiyo ina uzuri wake, na ina hatari yake pia, maana wazazi wengine tangu hapo wamengoja kipaji cha ajabu kwa kila mtoto mwenye usonji, na watoto walio wengi hawana kipaji cha ajabu, kama walivyo watoto wengine wote.

Mfano wa kweli ulikuja baadaye. Robert Gagno wa Kanada, aliyetambuliwa utotoni kuwa na usonji, aliipenda pinboli tangu akiwa mdogo, na mwaka 2016 alishinda mashindano ya dunia yaliyofanyika Pennsylvania. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya maisha yake. Ushindi ni jambo la mtu mmoja, lakini njia aliyoipitia ina maana kwa wengi. Pinboli huchezwa na mtu mmoja, au na watu hadi wanne, kila mtu kwa zamu yake. Mtoto aweza kuanza peke yake, bila kulazimishwa kumtazama mtu usoni. Akiisha kuizoea mashine, mwenziwe husimama kando yake akingoja zamu, na wote wawili huutazama mpira. Hivyo mazungumzo yao yana kitu cha kuyashika. Mwaka 2005 Dinah Murray na wenzake walieleza kwamba akili ya mtu mwenye usonji huelekea kuvutwa kwa nguvu nyingi na jambo moja kwa wakati mmoja, ambapo akili za wengine hujigawa kwa mambo mengi. Kama ni hivyo, aliye nje hana budi kuingia kwa mlango wa lile jambo moja.

Mtu aweza kuuliza kwa nini usichukuliwe mchezo wa bao, ulio wa wenyeji na wenye heshima kubwa, na ambao ndugu yake, igisoro, wachezwa ng'ambo ya mpaka huko Burundi. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Wachezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi kila mmoja, na hesabu zake huwashinda watu wazima. Wapo watoto wenye usonji watakaolipenda kwa sababu ya hesabu hizo. Lakini bao halichezeki bila mpinzani, na wachezaji wake hutaniana na kutishana kwa maneno toka mwanzo hadi mwisho. Kwa mtoto ambaye maneno ya watu ndiyo yamchoshayo, huo ni mlango mzito. Gololi yateremka kwa namna ile ile kila siku, wala haimtanii mtu.

Habari za usonji katika Afrika ya Mashariki zilichelewa kuandikwa. Victor Lotter, katika makala yake ya mwaka 1978, alieleza uchunguzi alioufanya katika miji ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Lakini aliwatazama watoto waliokuwa katika taasisi za mijini, na mtoto wa kijijini aliyefungiwa ndani hakuweza kuingia katika hesabu yake. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vipimo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri mpaka walipougua malaria kali, wakapona wakiwa wamebadilika. Idadi hiyo ni ndogo, wala haithibitishi kwamba malaria ndiyo sababu, ila kwa mkoa wenye malaria kama Kigoma si taarifa ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kadirio hilo hakuna shule kubwa ya msingi katika Buha isiyo na watoto kadhaa wa namna hiyo, ama darasani, ama nyumbani wakiwa hawakuandikishwa. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa katika Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, na vitengo vya usonji vimo katika shule chache, nyingi zikiwa za mijini. Toka Munanila hadi huko ni safari ya siku nzima na zaidi.

Wala mashine yenyewe haikuwa na njia ya kufika. Pinboli ilienea palipo na umeme na mishahara, na nyanda za Buha chini ya Waingereza zilikuwa nchi ya kutoa vibarua waliokwenda mashamba ya mkonge ya mbali. Mkoa wa Kigoma ulikaa kwa umeme wa jenereta za mafuta mpaka mwaka 2022, ulipoanza kupata umeme wa gridi ya taifa. Mashine za kuchezea zilizofika katika miji midogo ya Tanzania ni za namna nyingine: ni zile za kamari ambazo watu wa mitaani huziita dubu, zimezazo sarafu na kuwaka taa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yawakataza walio chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari. Hapa hapana budi kuwa mwangalifu. Dubu na pinboli hufanana kwa taa na sauti, lakini katika dubu mkono wa mchezaji hauna kazi baada ya kutia sarafu, na mtoto apendaye kurudia jambo moja ataweza kuzimaliza fedha za nyumba nzima bila kujifunza kitu. La Guardia hakuwa mpumbavu alipoiogopa mashine ya mwaka 1942. Kilichoigeuza hukumu yake ni vile vibao vilivyompa mchezaji kazi ya kufanya.

Lililobaki ni meza ya Redgrave ya mwaka 1871, isiyotaka umeme. Fundi seremala yeyote wa Munanila aweza kuitengeneza kwa ubao mmoja, misumari, vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli na gololi. Ubao hupakana na kuta fupi pande zote, kisha huinuliwa upande wa juu kidogo tu, kwa kuwa hata mashine za leo huinamishwa kwa digrii 6 na nusu hivi. Ukiinuka mno gololi hukimbia kabla ya jicho kuifuata. Mpira wa tyubu ukinyoshwa kati ya misumari miwili huirudisha gololi ikiugonga, na ukivutwa pembeni hutumika mahali pa springi. Vijiti viwili vilivyotiwa msumari katikati, vikisukumwa kwa vidole toka nje ya ukuta, vyaweza kuwa mabawa ya kupigia.

Meza ya namna hiyo ina faida moja isiyokuwamo katika mashine ya Chicago. Watoto wengi wenye usonji huumizwa na makelele na mwanga mkali. Mtoto azibaye masikio kengele ya shule ikilia hataikaribia mashine yenye kengele ishirini. Ubao wa seremala hutoa mlio wa gololi na msumari tu, na ukizidi, misumari yaweza kuvikwa mpira. Aweza pia kupewa mtoto kazi ya kuipigilia misumari mwenyewe, kuihesabu, kuandika alama za kila tundu na kujumlisha, na baadaye kusema kwa sauti zamu ni ya nani. Walio wadogo sana wasiachiwe gololi bila mtu wa kuwaangalia, maana huzitia kinywani.

Si kila mtoto atakayeupenda ubao huo. Mwingine atauacha siku ya kwanza na kurudi kwa ringi yake, na huyo atafutiwe kazi katika ringi. Mwingine atahesabu mistari ya mahindi, na mvua zinyeshapo katika nyanda za Buha mistari hiyo haikosi mtu wa kuipanda.